Majivu Yaliyopungua

Watu wa jengo lile walimwita Juu-Chini, na yeye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya lifti ya zamani, mkono wake wa kulia juu ya mpini wa shaba, akiwapandisha watu na kuwashusha. Lifti yenyewe ilikuwa chumba cha hatua mbili kwa mbili, chenye mlango wa chuma wa kukunja, kioo chenye madoa, balbu moja, na kibao kilichoandikwa: WATU SITA, KILO 450. Haikuwa na vitufe. Ukisukuma mpini kulia, ilipanda. Ukiusukuma kushoto, ilishuka. Ukiuweka katikati ilisimama, hata kama mbele yako kulikuwa na ukuta mtupu kati ya ghorofa na ghorofa.

Kazi hiyo ilimpa kipaji ambacho hakikuandikwa kwenye mkataba. Lifti ile, kabla ya kuondoka, ilididimia kidogo kama mtu anayevuta pumzi, na kwa kule kudidimia Juu-Chini aliweza kukutajia uzito wako na asikosee zaidi ya kilo moja.

"Wakili, umeongeza kilo mbili tangu mwezi jana."

"Ni mafaili haya, mzee wangu. Kesi za watu ni nzito."

"Kesi gani hizo zinazoning'inia juu ya mkanda?"

Lifti nzima ilicheka, na wakili wa ghorofa ya nne akacheka kuliko wote, maana alipenda kutaniwa kama mwingine anavyopenda sukari.

Lakini Juu-Chini alikuwa na hesabu nyingine ambayo hakumtajia abiria. Kwa miaka minne figo zake zilikuwa zinachakaa. Hazikumuuma; zilikwisha kimya kimya, kama soli ya kiatu. Kila baada ya miezi mitatu alimwachia mlinzi wa mlangoni mpini kwa robo saa, akapanda ghorofa ya sita kama mgonjwa. Huko kulikuwa na maabara, na ndani ya maabara kulikuwa na mtaalamu mmoja mwenye miwani na mkono mwepesi, ambaye jengo zima lilimwita Mama Damu.

Mama Damu alimtoa damu, akapima kitu kiitwacho kreatini. Kreatini ni taka ya mwili ambayo figo zinatakiwa kuitoa. Ikizidi kwenye damu, maana yake figo zimezidiwa. Kutokana na namba hiyo walikokotoa ni asilimia ngapi ya kazi figo bado zinaifanya. Juu-Chini aliandika majibu yake kwa penseli nyuma ya kioo cha lifti, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Arobaini na moja. Thelathini na sita. Thelathini. Ishirini na nne.

Daktari wake hakumficha. "Ukikaribia ishirini tunaanza kukutafutia figo. Ukifika kumi na tano, au mwili ukikataa kabla ya hapo, ni mashine ya kusafisha damu: mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara."

Figo ya kumpa ilikuwepo, na hapo ndipo ulipokuwa mtego wenyewe. Ilikuwa ndani ya mdogo wake.

Huyo alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Wazazi walipofariki alikuwa na miaka tisa, na kaka yake ndiye aliyekuwa mama, baba na godoro. Kila akitoka shule alikuja kukaa kwenye pembe ya lifti, daftari magotini, akifanya hesabu huku ghorofa zikipita. Sasa alikuwa mpima ardhi, mwanamke wa miaka ishirini na minane mwenye buti za matope na sauti isiyoogopa mtu. Alipimwa bila kushawishiwa. Damu yake ilikubaliana na ya kaka yake. "Si nilikwambia?" alisema. "Nimeivaa nguo yako, nimeila sahani yako, mwili wangu utakuwaje mgeni kwako?"

Kisha akapata kazi ya nchi ya mbali, miaka mitatu, kazi ambayo wapima ardhi wa umri wake huisikia tu ikisimuliwa. Aliahirisha mara ya kwanza. Aliahirisha mara ya pili. Barua ya tatu ilisema: fika kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, au nafasi hii tutampa mwingine.

Juu-Chini alikuwa mtu wa sala. Alisali kwa ghorofa: kila ghorofa sentensi moja, midomo ikicheza kidogo tu, hata abiria wakadhani anahesabu. Tangu barua ile ya tatu ije, sala yake ilikuwa moja. Ghorofa ya kwanza: Bwana. Ya pili: mimi ni mzee tayari. Ya tatu: yeye bado. Ya nne, ya tano na ya sita: nisiwe mlango uliofungwa mbele ya mtoto huyu.

Kisha akaifungia sala hiyo, akaunyima mwili wake chakula. Daktari alikuwa amemwambia apunguze chumvi, na nyama ale kipande kidogo. Aliambiwa apunguze, yeye akafuta. Aliacha nyama, mayai, maziwa na maharage. Kisha aliona hata kilichobaki ni kingi, akala mara moja kwa siku, na siku tatu za wiki akafunga kabisa. Miguu ilipomtetemeka alimshukuru Mungu kwa kumpa kazi ya kukaa.

Miezi minne baadaye Mama Damu alimpa karatasi ya majibu. Kreatini ilikuwa imeshuka kutoka mia mbili sitini na mbili hadi mia mbili na tano. Asilimia ilikuwa thelathini na tatu.

Alisimamisha lifti kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, akalia mbele ya ukuta. Jumapili yake aliitwa mbele kwenye nyumba ya ibada, akainua karatasi, akatoa ushuhuda. Watu walisimama. Mama mmoja mtu mzima alizunguka kiti chake mara tatu akipiga makofi. Jioni hiyo hiyo alimwambia mdogo wake, "Mdogo wangu, nenda. Mungu amemaliza."

Kitinda aliisoma karatasi mara mbili. Akamkumbatia kaka yake kwa nguvu, kisha akamwachia haraka kidogo, kama mtu aliyeshika kitu asichokitarajia. Lakini karatasi ilikuwa karatasi. Akakata tiketi ya Jumamosi, wiki tatu mbele.

Mama Damu peke yake ndiye ambaye hakushangilia. Asubuhi moja aliingia kwenye lifti wakiwa wawili tu, akatazama koti la kazi la Juu-Chini, jinsi vifungo vilivyohamishwa na bado upande mmoja ukauvuka mwingine.

"Nikuulize wewe unayepima watu. Wewe una kilo ngapi?"

"Mimi?" Alicheka. "Mimi sijipimi. Mimi ni sehemu ya lifti."

"Mkanda wako una matundu mangapi mapya?"

"Mama Damu, na wewe! Mtu akipona mnamsaka, akiugua mnamsaka."

"Nipe chupa moja tu ya damu. Kuna kipimo kingine, kinaitwa sistatini. Nimeshaongea na daktari wako naye ametaka kifanyike. Hatukipimi hapa, tunakituma."

"Chukua hata ndoo," alisema Juu-Chini, akakunja mkono wa shati pale pale. Alitaka Mungu athibitishwe mara mbili.

Majibu yalirudi siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya safari. Mjumbe wa maabara ya nje aliingia na kasha lake la bluu, akaliweka kwenye magoti ya Juu-Chini ili afunge kamba ya kiatu, na Juu-Chini akalipakata kama mtoto hadi ghorofa ya sita. Hakujua kwamba amepakata majibu yenye jina lake.

Saa ya chakula Mama Damu alimwita. Alifunga mlango, akakaa upande ule ule wa meza aliokaa Juu-Chini.

"Kaka yangu, nisikilize mpaka mwisho. Kreatini inatoka kwenye misuli. Ni kama majivu ya moto wa mwili. Figo ni mfagiaji. Tukiona majivu yamepungua chumbani, tunasema mfagiaji amepata nguvu. Sawa?"

"Sawa."

"Lakini kama kuni zenyewe zimekwisha? Majivu yatapungua hata kama mfagiaji amelala chini. Wewe umejinyima mpaka misuli imeisha. Umeondoa kuni. Sistatini haitegemei misuli, inatoka kwenye chembe za mwili mzima, haijali umenenepa au umekonda. Nayo inasema asilimia kumi na sita."

Juu-Chini alitazama mikono yake. Aliiona kana kwamba ni ya abiria.

"Mungu aliniponya," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisimama mbele za watu nikasema."

"Sijui Mungu alifanya nini. Ninajua kipimo kilifanya nini. Na macho yangu yaliyouona mkanda wako, nani aliyenipa?" Akampa bahasha. "Daktari anakutaka Jumatatu. Uje na mdogo wako, maandalizi yaanze."

"Mdogo wangu anasafiri Jumamosi."

Chombo kimoja cha maabara kilikuwa kinazunguka pembeni kwa mlio wa nyuki.

"Usimwambie," alisema Juu-Chini. "Mpaka Jumamosi jioni tu. Nakuomba kama dada."

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, sitaipeleka popote. Ila akija akaniuliza hapa wewe ukiwepo, usiniombe niseme uongo. Huo sina."

Siku iliyobaki na nusu ya siku ya pili yake aliendesha lifti kama mtu aliyefungiwa ndani yake. Bahasha ilikuwa mfuko wa ndani wa koti, ikigusa mbavu kila alipoinamia mlango. Akisema, Kitinda atabaki. Ataichana tiketi bila kupepesa, na nafasi ile haitarudi. Asiposema, ataingia kwenye mashine peke yake, na mtoto aliyemlea atakuja kuyajua kwa simu, akiwa upande mwingine wa dunia. Akisema, wale waliosimama wakashangilia watasema nini? Watasema alidanganya, au, vibaya zaidi, watasema Mungu alidanganya. Kila upande aliogusa ulikuwa ukuta. Alijaribu kusali, lakini maneno yalifika ghorofa ya pili yakakwama. Ghorofa ya kwanza: Bwana. Ya pili: mimi. Basi.

Ijumaa saa tisa Kitinda alikuja kuwaaga watu wa jengo, maana nusu yao walimlea kwa pipi na penseli. Wakili alikuwa ndani ya lifti alipoingia.

"Aa, bibi ramani! Unatuacha na huyu? Tangu apate muujiza hata kutusema unene ameacha. Jana nimeingia na keki nzima, hakutamka neno!"

"Labda umepungua, wakili."

"Mimi? Shati hili ulionavyo limefungwa kwa imani tu."

Kitinda alicheka. Juu-Chini alishughulika na mpini. Wakili alishuka ya nne, akamtakia safari njema mara tatu, na mlango wa chuma ukajikunjua ukafungwa. Wakabaki wawili.

"Twende juu kabisa halafu chini kabisa," alisema Kitinda, akajibanza kwenye pembe yake ya utotoni. "Kama zamani. Mara ya mwisho."

Juu-Chini alisukuma mpini. Lifti ikaondoka.

Kitinda aliacha kutabasamu. Alitazama sakafu, kisha akamtazama kaka yake, kisha sakafu tena.

"Haikudidimia kama kawaida," alisema.

"Nini?"

"Lifti. Haikudidimia ipasavyo. Kaka, ni wewe uliyenifundisha. Nilikaa hapa miaka saba nikihesabu. Mwaka jana, tukiwa mimi na wewe tu, ilishuka upana wa kidole. Leo asubuhi nimejipima pamoja na mabegi, mimi mwenyewe bado ni kilo sitini na moja. Sijapungua hata kilo moja. Mbona leo haikufika upana wa kidole?"

"Wameibadilisha kamba."

"Lini?"

"Mwezi jana."

"Nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ilikuwa fupi kuliko ghorofa moja. Juu-Chini hakupata jina la fundi. Kitinda alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kiganja cha kaka yake, akaurudisha mpini katikati. Lifti ikasimama mbele ya ukuta, kati ya ghorofa ya nne na ya tano.

"Nilipokukumbatia siku ile nilihisi mifupa," alisema. "Nikajiambia ni furaha yangu inanichanganya. Hatutoki humu mpaka useme."

"Watu wanangoja lifti."

"Wangoje."

"Mdogo wangu..."

"Kaka. Mficha maradhi, mwisho wake unaujua."

Juu-Chini alitoa bahasha. Kitinda aliisogeza chini ya balbu akaisoma kwa namna yake ya kazini, kidole kikifuata kila mstari. Chini, kengele ya kuita lifti ilianza kulia. Ilinyamaza, ikalia tena.

"Kumi na sita," alisema.

"Ile thelathini na tatu ilikuwa kweli kwenye karatasi. Sikujua. Naapa sikujua mpaka jana."

"Na jana ulipojua?"

Juu-Chini alifuta vumbi la mpini kwa kidole gumba.

"Juu-Chiniii!" Sauti ya wakili ilipanda kwenye shimo la lifti. "Umelala, au umepaa mbinguni moja kwa moja?"

"Panda ngazi, wakili!" Kitinda alipaza sauti. "Zitakufaa!" Kisha akamgeukia kaka yake, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Ulitaka niende nikiwa sijui."

"Nilitaka uende. Nimekuwa mzigo wako..."

"Usiseme mzigo! Wewe unapima mizigo kila siku, unajua mzigo ni nini. Ulikuwa na haki ya kuikataa figo yangu. Ungeniambia, 'Kitinda, ni kumi na sita, na bado nataka uende,' tungegombana usiku kucha, na pengine ungenishinda. Lakini umenifungia mlango kwa nje halafu ukaniambia niko huru."

Juu-Chini aliinamisha kichwa. Hiyo ilikuwa sala yake yenyewe, ikirudi kwake imegeuzwa.

"Na watu wa ibada," alisema. "Nilitoa ushuhuda."

"Utasimama tena ueleze. Mungu hahitaji umsaidie kwa uongo. Ni wewe uliyenifundisha hilo, hapa hapa, siku nilipokudanganya kuhusu mtihani."

"Wataniona mjinga."

"Ulijitesa kwa njaa ili mimi niende, kaka. Hukuwa na nia ya ujinga. Lakini ujinga ulikuwepo." Alifuta uso kwa mkono wa shati, akacheka kicheko kifupi kilichofanana na kikohozi.

Kengele ililia mfululizo sasa. Juu-Chini alishika mpini.

"Nikushushe?"

"Nipandishe ya sita."

"Utamwambia nini Mama Damu?"

"Sitamwambia, nitamwuliza. Kuuliza ndiko ulikoninyima. Nitamwuliza kumi na sita ina miezi mingapi ndani yake. Nitamwuliza kama ukianza kula vizuri unaweza kungoja, au kama kuna kungoja kokote."

"Na kesho? Utasafiri?"

"Usiniulize. Sijui. Niache na mimi nisijue, hata kwa saa moja, bila mtu kunijulia."

Juu-Chini alisukuma mpini kulia. Ukuta ulianza kushuka mbele yao, tofali baada ya tofali, kisha mstari wa mwanga wa ghorofa ya tano ukapita miguuni, magotini, machoni. Alijaribu kusali. Safari hii hakuomba mtoto aepushwe wala afunguliwe mlango. Ghorofa ya tano: Bwana. Ya sita: anajua.

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumshusha mtu lifti ikiwa hailingani na sakafu. Siku hiyo aliisimamisha chini ya sakafu kwa upana wa kiganja kizima.

"Angalia mguu," alimwambia.

Kitinda alipanda ile ngazi isiyokuwa ngazi, akageuka, akanyoosha mkono. "Na wewe."

"Niko kazini. Kengele inalia."

"Iache ilie. Toka humo."

Alitoka. Mlango wa chuma aliuacha wazi, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi, maana lifti ile haikuondoka mlango ukiwa wazi. Kengele ilifuata nyuma yao kwenye ukumbi mpaka mlango wa maabara ulipoikata katikati.

Mama Damu aliinua macho kutoka kwenye hadubini. Aliwatazama wote wawili, akaitazama bahasha mkononi mwa Kitinda. Kitinda hakuanza na swali. Alielekeza kidole kwenye mizani iliyosimama kando ya mlango, ile ya chuma ya kusogeza vidude, ambayo kaka yake aliipita kwa miaka minne bila kuikanyaga.

"Panda," alisema.

Juu-Chini alivua viatu, kisha koti. Alisimama juu ya kibao baridi, mikono imening'inia, macho ukutani. Alisikia kidude kikisogezwa kulia, kisha kushoto, kushoto zaidi, polepole, kwa mkono wa mdogo wake.

"Hamsini na mbili," alisoma Kitinda.

"Faili la daktari linasema mwaka jana alikuwa sitini na sita," alisema Mama Damu. Akavuta kiti, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Kaeni. Uliza, mwanangu. Yote."